Mbolea ni ya udongo, dawa ni ya jani: kulisha nyasi za uani na kuua magugu bila kuziunguza

Mtu ananunua mfuko wa mbolea na chupa ya dawa ya magugu siku moja, na kwa kuwa kaamua kushughulikia uwanja, anavimaliza vyote asubuhi hiyo hiyo. Anarusha mbolea, anapuliza dawa, halafu anafungulia mpira wa maji. Maji yanaiosha dawa kabla haijaingia ndani ya gugu. Chembe za mbolea zilizonata kwenye majani yaliyolowa dawa zinayeyuka papo hapo na kuunguza. Baada ya wiki, magugu yako palepale na nyasi zina madoa ya kahawia.

Mbolea ya chembe haifanyi kazi mpaka ifike kwenye mizizi. Kwa hiyo inataka majani makavu ili chembe zidondoke chini, kisha maji mara moja. Dawa ya kupuliza inafanya kazi kinyume chake: inataka kukaa juu ya jani la gugu, ikauke hapo, na isiguswe na maji kwa saa kadhaa. Huwezi kuipa kila moja inachotaka kwa siku moja. Anza na mbolea, subiri wiki mbili, ndipo upulize dawa kama bado inahitajika. Mara nyingi haitahitajika sana, maana nyasi zilizoshiba hufunga udongo na kuyanyima magugu mwanga.

Zijue nyasi zako, pima eneo lako

Nyasi zinazotandaa kwa majani mapana na mashina manene, zile zinazopendwa pwani kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, ni nyasi za Pemba. Za kijani kibichi zenye vinyweleo laini na mizizi mingi inayotambaa, zinazostawi Nairobi, Limuru na nyanda za juu kama Arusha, ni kikuyu. Zenye majani membamba na zinazovumilia jua kali na kukanyagwa ni ukoka. Tofauti hii si ya jina tu. Ukoka huivumilia vizuri 2,4-D, dawa ya magugu tutakayoizungumzia hapa chini, kikuyu huivumilia ukifuata kipimo, ila jamii ya nyasi za Pemba hudhurika nayo kwa urahisi, hasa kwenye joto.

Kisha pima eneo kwa utepe. Usipime kwa hatua, kwa sababu hatua ya mtu mzima mara nyingi haifiki mita moja, na kosa hilo linaingia kwenye kila hesabu inayofuata. Gawa uwanja katika mistatili, zidisha urefu kwa upana, jumlisha, halafu toa njia, vitanda vya maua na shina la mwembe. Mfano wetu ni uwanja wa mita 10 kwa 15, yaani mita 150 za mraba.

Kuchagua mbolea na kiasi chake

Namba kwenye mfuko ni asilimia ya uzito. NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya 17-17-17 ina kilo 17 za naitrojeni katika kila kilo 100. Urea ina 46, CAN (kalsiamu amonia nitrati) ina 26 au 27, SA (salfeti ya amonia) ina 21. Nyasi zilizokwisha shika zinahitaji naitrojeni kuliko kitu kingine, na kipimo salama kwa mtu anayerusha kwa mkono ni takriban gramu 2.5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa awamu moja. Kwa mita 100 za mraba hiyo ni sawa na:

- Urea: gramu 550
- CAN: kilo 1
- SA: kilo 1.2
- NPK 17-17-17: kilo 1.5

Chagua moja tu kati ya hizo. Urudie kila baada ya wiki nne hadi sita katika miezi ya mvua, za masika na za vuli, na uache wakati wa ukame kama huna maji ya kumwagilia. DAP (fosfeti ya diamonia) iachie kazi ya kupandia, kwa sababu fosforasi yake nyingi haina faida kwa uwanja uliokwisha jaa.

Udongo nao una usemi wake. Udongo mwekundu wa nyanda za juu mara nyingi una tindikali, na SA huiongeza, kwa hiyo CAN ni chaguo bora huko. Kwenye udongo wa matumbawe wa pwani mambo yanageuka: SA inafaa, na urea ndiyo ya kuiangalia kwa makini, kwa sababu juu ya udongo wa namna hiyo sehemu ya naitrojeni yake hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupotea hewani iwapo itaachwa juu bila maji. Halafu, ukishaweka naitrojeni ya kutosha pwani na majani machanga bado ni ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, usiongeze urea. Huo ni upungufu wa chuma unaoletwa na udongo wenyewe, na naitrojeni zaidi itachochea tu ukuaji ambao mmea hauwezi kuulisha.

Kwa uwanja wetu wa mita 150, ukichagua CAN unahitaji kilo 1 na nusu. Mwombe muuza pembejeo akupimie kwenye mizani. Kopo la maziwa lililojaa urea na kopo hilo hilo lililojaa CAN hayana uzito mmoja, kwa sababu CAN ni nzito zaidi, na hapo ndipo watu wengi huzidisha bila kujua.

Kurusha mbolea, hatua kwa hatua

1. Kata nyasi siku mbili kabla, usizinyoe hadi chini. Kikuyu iache na sentimita 4 hadi 5, Pemba 5 hadi 7, ukoka kama 3. Ondoa majani yaliyokatwa ikiwa yamerundikana.

2. Kama udongo ni mkavu kabisa, mwagilia jana yake. Mbolea ni chumvi. Ikiangukia mizizi yenye kiu huvuta maji kutoka kwenye mmea badala ya kuupa chakula.

3. Subiri umande ukauke. Pwani hiyo inaweza kuwa saa tatu au saa nne asubuhi. Pitisha kiganja juu ya majani; kikitoka na unyevu, bado. Chembe moja ya urea ikishika jani bichi huyeyuka palepale na kuacha doa la kahawia la ukubwa wake wenyewe, na chembe mia zinaacha madoa mia.

4. Gawa uwanja kwa kamba na vijiti katika vipande vya mita 5 kwa 5. Uwanja wetu unatoa vipande sita, kila kimoja kinapata gramu 250 za CAN.

5. Gawa fungu la kila kipande mara mbili, gramu 125 na 125. Changanya kila nusu na mchanga mkavu uliochekechwa, mara mbili ya ujazo wake, ili mkono uwe na kitu cha kurusha. Changanya kwenye ndoo iliyo juu ya sakafu au barabarani, kamwe si juu ya nyasi.

6. Rusha nusu ya kwanza ukienda kaskazini na kurudi kusini, nusu ya pili ukienda mashariki na kurudi magharibi. Mkono upite chini chini kwa upinde mpana, vidole vikiachia kidogo kidogo. Ulipokosa kwenye mkondo wa kwanza utapafikia kwenye wa pili. Anayerusha yote kwa upande mmoja huona michirizi ya kijani kizito na kijani hafifu baada ya siku kumi, na haifutiki mpaka awamu ijayo.

7. Pitisha ufagio wa chelewa au mgongo wa reki juu ya majani, ili chembe zilizoning'inia zidondoke.

8. Mwagilia mara moja, lita 6 kwa kila mita ya mraba. Uwanja wetu unataka lita 900. Ili kujua mpira wako unatoa kiasi gani, jaza ndoo ya lita 20 ukiangalia saa. Ikijaa kwa dakika moja, utamwagilia dakika 45, ukiuhamisha mpira ili kila kipande kipate zamu sawa.

9. Fagia chembe zilizoangukia njiani na uzirudishe kwenye nyasi. Zikiachwa, mvua itazipeleka mtaroni.

Mvua ya rasharasha inaweza kufanya kazi ya mpira. Mvua ya masika inayomwagika kama ndoo haiwezi. Itaondoka na mbolea yako hadi kwa jirani wa bondeni. Wingu likiwa zito, ahirisha.

Ukimwaga mbolea kwa bahati mbaya mahali pamoja, usikimbilie maji kwanza. Zoa unachoweza kwa kijiko au sepeto dogo, fagia kinachobaki, ndipo ufurikishe mahali hapo kwa maji mengi, na urudie kesho yake. Ukianza na maji utakuwa umeyeyusha fungu lote juu ya mizizi ile ile.

Wenye mashine ya kusukuma inayorusha mbolea, kama hoteli na viwanja vya mpira, wafuate mikondo ile ile miwili, wafunge tundu la mashine kabla ya kusimama au kugeuka, na wajazie nje ya nyasi. Duara la nyasi zilizoungua pembeni mwa uwanja karibu kila mara ni pale mashine ilipojaziwa.

Wiki mbili za kusubiri

Katika wiki hizi magugu nayo yanakula mbolea, na hilo lisikutie wasiwasi. Gugu linalokua kwa kasi hubeba dawa kutoka kwenye jani hadi kwenye mzizi. Gugu lililonyauka kwa kiangazi limefunga milango yake, na dawa hubaki juu juu: linaungua majani, kisha linachipua upya.

Tembea uwanjani uyahesabu. Yakiwa machache, yang'oe kwa kisu chembamba baada ya mvua, pamoja na mzizi. Kupuliza uwanja mzima kwa ajili ya vishona nguo kumi ni hasara ya fedha na hatari ya bure.

Kulijua gugu kabla ya kununua dawa

Kishona nguo, mbigili na jamaa zao wenye majani mapana huuawa na 2,4-D bila kuua nyasi, kwa sababu dawa hiyo huiga homoni ya ukuaji ya mimea na kuivuruga zaidi mimea yenye majani mapana. Kabla ya siku mbili kuisha utaona shina la kishona nguo limejikunja kama shingo na majani yamejisokota.

Ndago ni habari nyingine. Inafanana na nyasi, ila sokota bua lake kati ya kidole gumba na cha shahada: utahisi pembe tatu. 2,4-D haiimalizi. Kuing'oa kwa mkono hakufai kabisa, kwa sababu chini kuna vinundu vilivyoungana kama shanga, uzi unakatika, na kila kinundu kilichobaki kinatoa mche wake. Dawa yake ni halosulfuroni, na hata hiyo hurudiwa zaidi ya mara moja.

Kongwa ina majani mapana lakini ukoo wake uko karibu na nyasi, na ikishakomaa 2,4-D huishinda kwa shida. Iondoe kwa mkono na uokote kila kipande, maana kila kifundo cha shina kinachobaki ardhini kinaota mizizi.

Sangari ni nyasi ndani ya nyasi. Hapa mtu hushawishika kununua glaifoseti, ambayo kwenye lebo imeandikwa glyphosate. Hiyo haichagui, inaua kila kilicho kijani. Ukiitumia, ipake kwa brashi ndogo kwenye jani la sangari pekee. Ukiipuliza utapata duara tupu.

Soma jina la kiambato kwenye lebo, si picha ya chupa. Chupa mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na rangi moja na mfuniko mmoja, moja ikiwa ya kuchagua na nyingine ya kuua vyote. Hakikisha pia ina namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Na dawa za malisho zenye piklorami, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na 2,4-D, usizilete uani: hukaa muda mrefu kwenye udongo, hufyonzwa na mizizi ya miti, na hupita kwenye samadi hadi kwenye nyanya.

Kupima bomba

Kipimo cha lebo ni cha hekta au ekari. Hekta ni mita 10,000 za mraba, kwa hiyo gawa kwa 100 upate kipimo cha mita 100. Ekari ni kama mita 4,000, gawa kwa 40. Lebo ikisema lita 1.5 kwa hekta, hiyo ni mililita 15 kwa mita 100 za mraba, na 22.5 kwa uwanja wetu.

Sasa unahitaji kujua bomba lako la kupulizia, likiwa mikononi mwako, linatumia maji kiasi gani. Weka alama ya mita 10 kwa 10. Tia maji matupu, weka alama yalipofika, puliza eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena kwa chombo chenye vipimo mpaka kwenye alama. Ikiwa umetumia lita 4, basi mita 150 zitataka lita 6, na hizo ndizo zitakazochanganywa na mililita 22.5. Atakayepuliza awe yule yule aliyepima, maana mwendo wa mtu mwingine ni kipimo kingine.

Pima dawa kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, na liandike lisitumike kwa kitu kingine. Vizibo vya chupa havilingani.

Tumia nozeli bapa inayotoa feni, si ile ya koni inayotoa ukungu. Ishike sentimita 40 hadi 50 juu ya majani, kwa shinikizo dogo. Unataka matone yanayoonekana, si moshi.

Siku ya kupuliza

Nyasi zisiwe zimekatwa kwa siku tatu zilizopita, ili gugu liwe na jani la kupokea dawa. Uwanja mchanga usubiri mpaka ukatwe angalau mara tatu. Joto lisizidi nyuzi 30. Mvua isitarajiwe kwa saa nane.

Upepo uangalie kwenye majani ya mti: yakitikisika kidogo, inafaa, matawi yakiyumba, acha. Alfajiri iliyotulia kabisa nayo si nzuri, kwa sababu ukungu wa dawa huelea bila kutawanyika na kuingia polepole kwenye mchicha wa jirani. Baada ya umande kukauka na kabla upepo wa bahari haujakaza ndio wakati wake.

Vaa glavu za mpira, gambuti, suruali ndefu ikiwa nje ya buti, miwani ya kinga na barakoa. Vaa kabla ya kufungua chupa, maana dawa isiyochanganywa ndiyo kali kuliko zote.

Tia nusu ya maji safi kwenye bomba, ongeza dawa, tikisa, jaza maji yaliyobaki. Maji ya tope huiua nguvu glaifoseti. Maji magumu ya visima vya pwani, yale yasiyotoa povu la sabuni, hupunguza nguvu ya glaifoseti na ya 2,4-D pia, kwa hiyo tumia ya mvua ukiweza.

Puliza kwa mikondo iliyonyooka, ukirudi nyuma ili usikanyage palipolowa. Majani yalowe kwa matone yasichuruzike. Dawa inayodondoka kutoka kwenye jani imepotea, na kuzidisha kipimo huunguza jani haraka kabla halijaisafirisha hadi mzizini, ndiyo maana gugu lililopewa dawa nyingi mno hurudi.

Kwa nyasi za Pemba, jaribu kwanza mita moja ya mraba pembeni kwa kipimo cha chini cha lebo na usubiri siku kumi. Zikigeuka njano, ng'oa kwa mkono.

Baada ya hapo

Watoto, mbwa na kuku wasiingie mpaka kesho yake. Usimwagilie siku hiyo. Usikate kwa siku tatu. Magugu hufa kabisa kati ya wiki mbili na tatu, kwa hiyo usirudie dawa kabla ya wiki nne hata kama siku ya tano yanaonekana bado yana kijani.

Majani yatakayokatwa mara tatu za kwanza yasipewe ng'ombe, mbuzi wala sungura, na yasitandazwe kwenye bustani ya mboga. Hili lisemwe waziwazi kwa fundi bustani na kwa yeyote anayekuja kuomba majani ya mifugo, kwa sababu kwa macho hayana tofauti yoyote na majani ya kawaida.

Suuza bomba mara tatu na umwage maji ya kusuuzia juu ya eneo lile lile ulilopuliza, siyo kwenye sinki wala mtaroni. Hata hivyo 2,4-D hujificha kwenye mpira na nozeli, na kiasi kidogo sana kinatosha kuikunja nyanya siku utakapopuliza dawa ya wadudu. Ukiweza, nunua bomba la pili na ulipake alama nyekundu, liwe la magugu tu. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, itobolewe, isiwekwe maji wala mafuta.

Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ikimezwa, usimlazimishe mtu kutapika. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenye lebo yake.

Mapengo yaliyoachwa na magugu usiyapande papo hapo. Subiri wiki nne, tifua sentimita 5 za juu, chomeka vipando vya nyasi zile zile kwa nafasi ya sentimita 15, ukandamize kwa kiganja, na umwagilie kila siku kwa wiki mbili. CAN ya kwanza isubiri mpaka vipando viwe vimetambaa na kukutana.